Nusu ya Kombe

Harufu ya zafarani iliyochanganyika na marashi ya mawaridi huwapeleka watu wengi harusini. Mimi hunipeleka kwenye ngazi. Ngazi ya nyumba yetu ya Kiponda ina vidato ishirini na tatu, mwangaza juu, mwangaza chini, giza katikati. Nimevihesabu nikipanda, nikavihesabu tena nikishuka, maana mafundi waliojenga nyumba za mji huu hawakuona sababu ya kidato kulingana na mwenziwe, na mimi mtu akinitajia idadi ya kitu simwamini mpaka nimekihesabu mara ya pili. Tabia hii imenifaa sana dukani kwangu Darajani. Nyumbani haijanifaa hata siku moja.

Baada ya arubaini ya mama yetu kupita, mimi na mdogo wangu Zuwena tulikaa kupekua kabati lake la vyombo. Nyuma kabisa, ndani ya kipande cha kanga kilichochujuka, tulikuta sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu na ua la buluu katikati. Kando yake palikuwa na kichupa cha marashi kilichokauka. Zuwena alikizibua akanusa.

"Mh," alisema. "Kombe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya sanduku nikajifanya miguu inaniuma, jambo ambalo si adabu kulifanya mbele ya Zuwena.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa kombe, ila wajukuu zetu siku hizi wakisikia neno hilo wanadhani ni kikombe cha mpira. Mgonjwa akizidiwa, maalim huandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani. Maandishi yakikauka huoshwa kwa marashi na maji kidogo, na yale maji ya manjano, yenye aya ndani yake, mgonjwa huyanywa. Sahani tuliyoishika ndiyo iliyoandikiwa Zuwena, asubuhi saba mfululizo, mwaka ule alipolala miguu mizima akaamka haimtii.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye sita. Baba alikuwa Pemba kwa msimu wa karafuu. Nyumbani tulikuwa wanne: Mama, Bibi mzaa mama, mimi na Zuwena. Zuwena alikuwa mtoto wa kukimbia. Ngazi ile alikuwa akiishuka vidato viwiliviwili, na kila siku Bibi alimtabiria kuvunjika shingo, na kila siku Zuwena alifika chini mzima akapiga kelele kutoka mlangoni, "Sijavunjika, Bibi!"

Sheria kubwa ya nyumba ile ilikuwa moja: mgawie mwenzio. Mama hakutaka kusikia cha mkubwa wala cha mdogo. Andazi likiwa moja, lilikatwa. Embe likiwa moja, mmoja alikata na mwengine akachagua kipande, na mimi ndiyo maana nilijifunza kukata sawasawa kabla sijajua kuandika jina langu. Tatizo lilikuwa ubuyu. Kokwa ya ubuyu wa sukari haikatiki. Kwa hiyo ya mwisho tulikuwa tukiinyonya kwa zamu, mimi kumi, yeye kumi, inatoka mdomo huu inaingia ule, na mhesabu alikuwa mimi. Kumi yangu ilikuwa ndefu kama hotuba ya Ijumaa. Kumi yake ilikuwa fupi kama salamu ya mtu mwenye haraka. Naye alikuwa bado hajui kwamba namba nazo hupunjwa.

Kama wiki mbili kabla ya mkosi wenyewe mimi niliugua. Kusema niliugua ni kuipa hadhi: homa ya siku mbili, koo linakwaruza, tumbo limevurugika. Siku ya tatu niliamka nikadai ubuyu, nikaupata kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Zuwena akaja kusimama mbele yangu na mkono wazi.

"Nipe zamu yangu."

"Sikupi. Huu wa mgonjwa."

"Na mimi nnaumwa."

"Unaumwa nini?"

Alifikiri. "Nnaumwa ubuyu."

Nikamgeuzia mgongo. Akaangua kilio, kile kilio chake cha kupanda kwa daraja, na Mama akaita kutoka jikoni bila hata kuuliza kuna nini, "Mgawie mwenzio!" Nikaitoa kokwa mdomoni, nikaitazama, nikampa. Nilihesabu kumi kwa haraka kuliko siku zote.

Baada ya wiki hivi naye akapata homa yake. Siku moja tu, ikaondoka, akarudi kichochoroni kucheza mpaka adhana ya Magharibi na Bibi akamwachia, kwa kuwa mtoto ametoka kuumwa. Kisha homa ikarudi, na safari hii haikuwa ileile. Kichwa kilimuuma. Mgongo ulimuuma. Mama alipomwambia ainamishe shingo atazame kifua chake, shingo ilikataa, ngumu kama mpini. Akalala siku mbili akigumia. Asubuhi ya tatu homa ilikuwa imetulia, na Bibi, kwa furaha, akaita kutoka ukumbini:

"Zuwena!"

"Naam, Bibi!"

"Umeamka mwanangu? Hebu shuka kitandani uje unywe uji."

Nilikuwa nimelala ubavuni mwake, nikaona. Alilitupa shuka. Akainuka kwa viwiko. Akatazama miguu yake, akaingoja. Miguu ililala pale kama ya mtu mwengine. Akanitazama mimi kana kwamba nimeificha mahali.

"Haiji," aliniambia.

Nyumba ya mbele yetu ilikuwa karibu hata sahani ya chakula tulipokezana dirisha kwa dirisha. Humo alikuwamo Saidi, mtoto wa miaka mitano, mwenzake Zuwena wa kucheza. Naye alishikwa na homa wiki ileile. Kwake ugonjwa haukuanza miguuni. Ulianza kooni, maji yakarudi puani, kisha pumzi ikawa fupi, na siku ya nne tukasikia mama yake. Sikumwona Saidi akitolewa. Nilisikia tu nyayo za wanaume zikishuka ngazi yao pole pole, na nikahesabu, kwa sababu sikujua jambo jengine la kufanya. Vidato vyao vilikuwa kumi na tisa.

Toka siku hiyo, kila asubuhi kabla sijafungua macho nilijifinya mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kisha nikarudia.

Kwa miguu ya Zuwena Mama alimwita Bi Mosi, mkandaji, mwanamke mwenye mikono ya kuvunjia nazi na moyo laini. Akapasha mafuta ya nazi, akakanda miguu ile kuanzia nyonga mpaka unyayo, na Zuwena akilia kwa maumivu Bi Mosi alimwambia, "Lia mwanangu, kilio kinaamsha." Kisha yeye na Mama wakamshika makwapani wakamtembeza ukumbini, huku na huku, vidole vikiburura sakafuni. "Mguu umelala huu," Bi Mosi alisema. "Ukiachwa utazoea usingizi." Walimtembeza siku mbili. Siku ya pili hata mgongo ulianza kumlegea, ndipo Mama akambeba hospitali, nami nikafuata nyuma nimeshika viatu vyake.

Daktari alikuwa mtu mpole asiyesema sana. Alimgonga magotini, hakuna kitu. Kisha akampitisha ncha ya kalamu kwenye unyayo, na Zuwena akacheka.

"Basi! Inanitekenya!"

Alicheka kweli, machozi yakimlenga, na mguu haukujivuta hata ukucha mmoja. Mpaka leo sijaona kitu kilichonitisha kama kile. Mguu ulikuwa unasikia. Ulisikia vizuri kabisa, ila ukiitwa hauitikii. Kwa akili yangu ya miaka tisa nikaona ule si ugonjwa, ni kiburi.

"Msimkande," daktari alimwambia Mama. "Msimtembeze. Mtoto mwenye maradhi haya akichoshwa siku za mwanzo huzidi kulegea. Mlazeni atulie. Kitakachorudi kitarudi chenyewe."

Nilimwona Mama akitazama mikono yake, akaificha ndani ya buibui.

Basi ndipo Bibi akasema tumwendee Maalim. Maalim wetu alikaa vichochoro viwili kutoka kwetu, mzee mwenye kikohozi na mwandiko mzuri. Kila asubuhi baada ya Alfajiri aliandika, akaosha kwa marashi, akaifunika sahani kwa kitambaa, na mimi nikaichukua kwa mikono miwili kuipeleka juu. Bibi alinikabidhi kazi ile kwa sababu mikono yangu haikuwa ikitetemeka. "Usimwage hata tone," alisema. "Kila tone lina neno."

Siku ya kwanza nilifika kidato cha kumi na mbili nikasimama. Kumi na kimoja chini yangu, kumi na kimoja juu yangu, hapo ndipo katikati ya ngazi na ndipo palipokuwa na giza. Nilikuwa nimemaliza kujifinya asubuhi ile na mguu wa kushoto niliudhania umechelewa kidogo kusikia. Nikainua kitambaa. Nikanywa funda moja. Lilikuwa chungu kidogo, linanukia harusi. Nikafunika, nikapanda, nikampa Bibi, Bibi akamnywesha Zuwena akisoma.

Siku ya pili nilikunywa mafunda matatu. Kuanzia siku ya tatu nilikuwa nshapata kipimo. Katikati ya sahani kulikuwa na lile ua la buluu, na maji yakipungua mpaka petali ya kwanza ikachomoza, hapo ni nusu. Nilikunywa mpaka petali. Sikunywa kwa uroho. Ingekuwa uroho ningeshalisahau. Nilikunywa kwa sababu Saidi hakuwa na kombe na akafa, Zuwena alikuwa na kombe na yu hai, na mimi nililala kitanda kimoja na Zuwena na hakuna aliyefikiria kuniandikia mimi.

Kombe likaisha. Wiki zikapita. Mama alikuwa amesikia kwamba mchanga wa moto wa pwani unafaa, na daktari alipoulizwa alisema mchanga hautamdhuru mradi asichoshwe. Basi Ijumaa tatu tulipanda gari la shamba mpaka Chwaka, Zuwena kalazwa mapajani mwa Mama na Bibi. Tulichimba shimo kwa vifuu juu ya alama ya maji kujaa, tukamkalisha, tukamfukia mpaka kiunoni. Akakaa pale na kilemba cha kanga kama sultani asiye na miguu, akituamrisha tumletee makombe ya pwani. Mimi nilikaa mbele yake kuulinda mchanga. Iliingia miguu miwili, na nilitaka kuhakikisha itatoka miwili.

Ijumaa ya tatu, Mama alipoanza kufukua, mchanga wa upande wa kulia ulitikisika wenyewe. Ukapasuka ufa. Kikatoka kidole gumba, kisha vidole vyote, vyeupe kwa mchanga, vikicheza kama kaa aliyetolewa shimoni. Mama akaanguka sajda palepale. Bibi akapiga kigelegele peke yake, pwani nzima ikageuka kututazama. Na Zuwena akasema, "Ngojeni, na mwengine."

Tukangoja. Jua likasogea. Kisha Mama akauchimbua mguu wa kushoto kwa mikono, akaupangusa, akaufunika kanga.

Ndani ya gari, wote wakishukuru, mimi nilikuwa nikifanya hesabu. Kombe zima ni miguu miwili. Nusu ya kombe ni mguu mmoja. Nilirudia kwa kuanzia upande wa pili, mguu mmoja, nusu ya kombe. Jawabu halikubadilika. Sijawahi kupata hesabu iliyokubali sawasawa kama ile, wala niliyoitaka ikatae kuliko ile.

Nikaanza kupatana bei na Mungu. Astaghafiru, nilikuwa mtoto, na nilijua njia moja tu ya kupata kitu ambacho mwenyewe hajataka kukitoa. Nilianza chini, kama inavyopasa. Nikasema nitaacha ubuyu. Kimya. Nikaongeza nguo yangu ya Idi. Kimya. Aliyewahi kununua kitambaa anajua kwamba muuzaji akinyamaza anangoja upandishe bei, kwa hiyo nikapanda. Nikatoa nywele zangu. Nikatoa kidole kidogo cha mguu wangu wa kushoto, kisha viwili, kisha vyote vitano. Siku moja, Zuwena akinitazama naruka kamba, nilifika mpaka kwenye kifundo. Hapo nikasimama. Juu ya kifundo sikuweza kupanda. Nilijua kabisa bei halisi ni ipi, na nilijua sitaitoa, na ujuzi huo nimetembea nao kwa miguu yangu miwili miaka yote.

Nilijaribu kumuuliza Maalim. Nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo. Maalim, kombe likinywewa nusu, linafanya kazi nusu?"

Aliweka kalamu chini. "Nani kanywa nusu?"

Nikatazama huku na huku. Kulikuwa na paka ukutani. "Paka," nikasema.

"Paka kapanda ngazi yenu akanywa kombe?"

"Naam."

Maalim akakohoa kwa muda mrefu, na sasa nikikumbuka nadhani hakikuwa kikohozi. "Basi paka huyo na amshukuru Mola, na asirudie," alisema. "Maneno ya Mungu hayapimwi kwa pishi, mwanangu. Mgonjwa anaombewa, shifaa ni ya Mwenyewe." Hilo ndilo jawabu, na nilipewa siku ileile, bure. Lakini mimi nilisikia neno moja tu, asirudie, nikaondoka mbio.

Zuwena alipata chuma chenye mikanda ya ngozi, na kiatu kizito. Baba aliporudi kutoka Pemba alimpandisha ngazi mabegani mpaka alipokuwa mzito, na hata alipokuwa mzito. Alisoma, akawa fundi wa kushona, cherehani cha miguu akakiendesha kwa mguu mmoja haraka kuliko wenye miwili. Akaolewa, akazaa. Ngazi ile aliendelea kuipanda na kuishuka, akipanda unatangulia mguu wa kulia, akishuka wa kushoto, na mwenziwe unaufuata kwenye kidato kilekile, kwa hiyo vidato ishirini na tatu kwake vilikuwa nyayo arubaini na sita. Nilipokuwa jikoni nikimsikia, nilizihesabu zote. Sikuwahi kuziacha.

Miaka mingi baadaye nilipeleka mtoto wangu wa kwanza kutiwa matone ya polio. Nesi alikuwa kijana, ana subira. Alimminya mtoto mashavu, akamdondoshea ulimini.

"Mtie tena," nikamwambia.

"Bi mkubwa, hapa hatuuzi kwa jumla. Zamu yake ya pili ipo, utarudi."

Nikang'ang'ania. Akanitazama vizuri, akauliza nimewahi kuuona ugonjwa huo nini. Nikamwambia nimelala nao kitanda kimoja. Basi akakaa akanieleza, foleni ikinung'unika nyuma yangu. Alisema ni kirusi kinachoingia kwa mdomo, kwa maji, kwa mikono, kwa mate. Makao yake ni matumboni. Watoto wengi hukipata wala wazazi hawajui, homa ya siku mbili, koo, tumbo, imekwisha. Lakini kwa mmojammoja kati ya mamia, hupenya kikaingia damuni, na kutoka damuni kikafika kwenye uti wa mgongo. Humo mna chembe zinazopeleka amri kwenye miguu, na hizo ndizo kinazoziua. Zile zinazoleta habari kutoka miguuni hakizigusi.

"Ndiyo maana alitekenyeka," nikasema.

"Nani?"

"Mdogo wangu. Na kwa nini mguu mmoja ukarudi?"

"Chembe nyengine huumia tu zisife. Zikipona, mguu unarudi. Zilizokufa zimekufa. Hapana anayechagua."

"Na kama kulikuwa na dawa ya kunywa, ikapungua nusu?"

"Dawa gani, mama? Mpaka leo hapana dawa ya kumrudishia mtu mguu. Angekunywa ndoo nzima ingekuwa vilevile."

Nilihisi mzigo ukinitoka mabegani, nikasimama kuondoka nikiwa mwepesi. Nilifika mlangoni. Kisha tabia yangu ikanirudisha nyuma, nikaanza kuhesabu tena maneno yake. Homa ya siku mbili. Koo. Tumbo. Mate. Sikumuuliza kitu zaidi. Nilimbeba mtoto nikaenda zangu, na njia nzima mdomoni mwangu kulikuwa na ladha ya ubuyu.

Hayo yote yalikuwamo chumbani pamoja nasi, siku ile ya kabati. Zuwena alikuwa ameshika sahani akiipangusa kwa ncha ya kanga yake.

"Zuwena."

"Naam."

"Kombe hilo nilikuwa nalinywa mimi. Njiani. Nusu yake, siku tano. Siku ya kwanza funda moja, ya pili matatu."

Hakuacha kupangusa. "Nlijua."

"Ulijua nini?"

"Ulikuwa unanijia na midomo ya manjano kama kifaranga, unanukia mawaridi. Bibi alikuwa haoni vizuri. Mimi ilikuwa miguu tu, dada, macho yalikuwa mazima."

"Mbona hukusema?"

"Saidi alikuwa kesha kufa. Nlikuona kila asubuhi unavyojifinya. Nikasema na anywe, asije akalala na yeye hapa, kitanda chenyewe kidogo." Akaigeuza sahani. "Ulikuwa unanywea wapi?"

"Kidato cha kumi na mbili."

"Kwa nini hicho?"

"Kumi na kimoja chini, kumi na kimoja juu."

"Kha! Hata wizi uliupima."

Ningeweza kuishia hapo. Mtu mwerevu angefunga biashara na kuondoka. Lakini nikamwambia na la ubuyu, na homa yangu ya siku mbili iliyotangulia yake, na aliyoyasema nesi. Nilimwambia kwamba hakuna awezaye kujua kwa hakika, kichochoro kizima tulikunywa kisima kimoja, ila mimi najua nilichokitoa mdomoni mwangu nikakitia mdomoni mwake. Safari hii aliacha kupangusa. Nilisikia watoto wa nyumba ya mbele wakigombana. Alikaa pole pole juu ya kiti, akaunyoosha mguu wa kushoto kwa mikono miwili, kama anavyofanya siku zote.

"Mama aliniita kabla hajafa," alisema mwisho. "Akaniomba radhi kwa kunitembeza na Bi Mosi. Alikuwa akilia. Bibi naye, Mungu amrehemu, aliniomba radhi kwa kuniachia nje Magharibi ile. Sasa wewe unaniletea kombe, na juu yake ubuyu. Mguu wenyewe mmoja, mwembamba kama mwiko, na madai manne!"

"Watu watatu," nikasema. "Madai manne."

"Wewe umejiandikisha mara mbili."

Nikacheka, na katikati ya kucheka ikawa si kucheka tena. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Ubuyu ule nani aliulilia?" aliuliza.

"Weye."

"Na wewe ulitaka kunipa?"

"Sikutaka."

"Basi." Aliikunja ile kanga iliyochujuka. "Nilikuwa nautaka, dada. Na ulikuwa mtamu."

Tulifunga kabati. Alinipa sahani niishike, akatangulia kushuka ngazi, mkono mmoja kwenye kamba ya ukutani. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Nilimfuata nyuma nikihesabu kwa moyo, nyayo zake na zangu. Gizani, katikati, alisimama. Nilidhani amechoka.

"Hapa ndipo?" aliuliza.

"Hapa."

Akageuka, akanyoosha mikono, nikampa sahani. Aliinua mpaka midomoni, tupu vile ilivyokuwa, akainamisha kichwa nyuma kidogo, nikamsikia akimeza. Kisha akaipangusa kwa kidole palipokuwa na petali.

"Haya," alisema, akanirudishia. "Nusu yako."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikanywa.